Mama mkwe anataka mume wangu aache dawa za TB wiki mbili "asafishe ini" kwa mlonge

Mfamasia, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Morogoro. Mume wangu ana miaka 38, ni dereva wa lori. Alikohoa muda mrefu, akapimwa makohozi, akaambiwa ni kifua kikuu. Akaanzishiwa vidonge vinne kila asubuhi, maana ana kilo kama 60. Sasa yupo wiki ya tano. Kikohozi kimepungua, usiku haloweshi tena shuka kwa jasho, na chakula anakitafuta mwenyewe.

Mama mkwe amekuja kutoka kijijini kumuuguza mwanawe. Ni mama mwema, tafadhali usimfikirie vibaya. Alikuja na mahindi, karanga, na kopo la unga wa kijani ambao ni mlonge uliochanganywa na manjano na pilipili manga. Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni. Aliuziwa stendi na mtu aliyemwambia kwamba dawa za TB zinakula ini na mlonge ndiyo kinga yake. Yule muuzaji akamrushia kwenye simu karatasi ya utafiti ya Kiingereza. Mimi nimeishia kidato cha nne, nimeisoma kwa shida, lakini nilivyoelewa ni kweli inasema mlonge ulilinda ini la panya waliopewa dawa za TB. Kwa hiyo siwezi kusema mama anadanganywa.

Wiki iliyopita mama aliona mkojo wa mwanawe una rangi ya chungwa iliyokolea. Akashtuka, akasema ini limeshaanza kuharibika. Sasa anataka aache vidonge wiki mbili, anywe mlonge peke yake mpaka ini lisafike, halafu aendelee. Mume wangu anasema atafanya tutakachokubaliana mimi na mama, yaani ametuachia sisi ugomvi. Yeye mwenyewe ameupenda huo mlonge kwa sababu nyingine: siku hizi Jumamosi anarudi kupata bia mbili tatu na wenzake, ati ini lina mlinzi. Na magoti yanamuuma tangu aanze dawa, kwa hiyo anameza panadol asubuhi, mchana na usiku.

Kliniki hatujawaambia habari ya kopo, naogopa watatugombeza. Mama anampa na mtoto wetu wa miaka mitatu kijiko kimoja apate hamu ya kula, maana naye amekonda kidogo.

Je, mlonge unalinda ini au haulindi? Na nitamwambiaje mama mkwe bila kuonekana nimemvunjia heshima?

Mke wa dereva

JIBU

Marahaba, binti yangu. Kabla ya yote, vidonge visisimame. Kesho asubuhi mumeo ameze kama kawaida, isipokuwa kama ana dalili nitakazozitaja hapa chini. Mengine yote tutayazungumza huku anameza.

Huo mkojo uliomshtua mama ni rifampicin, moja ya dawa nne zilizomo ndani ya kidonge chake. Rifampicin yenyewe ina rangi nyekundu ya matofali, na inapotoka mwilini inatia rangi ya chungwa kwenye mkojo, jasho, mate, hata machozi. Huanza saa chache baada ya kumeza na hufifia kadiri siku inavyokwenda. Kwa hiyo rangi ile ni ushahidi kwamba dawa imemezwa, na kliniki nyingine huutumia kumjua mgonjwa anayezitupa dawa chooni.

Mkojo wa ini lililoumia ni mwingine. Huwa wa kahawia, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na unabaki hivyo kutwa nzima. Hauji peke yake: mtu anachoka kupita kiasi, chakula kinamchukiza ghafla, anasikia kichefuchefu au anatapika, anaumwa upande wa kulia chini ya mbavu, ngozi inawasha, na mwisho weupe wa macho unageuka njano. Mumeo akipata haya, ndipo asimeze dozi inayofuata na aende kliniki siku hiyohiyo. Asisubiri macho yawe ya njano, kwa sababu njano huchelewa. Mtu ambaye wiki ya tano anatafuta chakula mwenyewe hajafika huko, ingawa bado yupo ndani ya miezi miwili ya mwanzo, ambayo ndiyo ya kuangaliwa zaidi.

Sasa kuhusu ile karatasi. Umeisoma vizuri, na mama hakudanganywa kwamba utafiti upo. Mwaka 2002 watafiti wa India, Pari na Kumar, walichapisha kazi waliyofanya na panya waliopewa isoniazid, rifampicin na pyrazinamide, hizihizi anazomeza mumeo. Maini yaliumia. Panya waliopewa pia dondoo la majani ya mlonge waliumia pungufu kuliko wale walioachwa hivihivi, ukipima vimeng'enya vinavyovuja kutoka kwenye ini kwenda kwenye damu. Mwaka 2008 watafiti wa Malaysia wakafanya ya kwao kwa paracetamol, ndiyo panadol, na wakaona jambo la namna hiyo. Walieleza kwamba mlonge ulirudisha glutathioni, kitu ambacho ini hukitumia kuzima sumu. Paracetamol ikizidi, glutathioni huisha, na sumu inayobaki inaua chembe za ini. Huo ni utaratibu unaojulikana vizuri, na hospitalini dawa ya mtu aliyezidisha paracetamol ni acetylcysteine, ambayo hufanya kazi kwa kuirudisha hiyo glutathioni.

Kwa hiyo mlonge si upuuzi. Ila tazama vipimo. Wale panya wa Malaysia walipewa paracetamol gramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni gramu 180, yaani vidonge 360 kwa mkupuo. Mlonge nao waliupata kabla ya sumu, kwa kiasi kilichofika miligramu 800 kwa kilo. Ukihesabu hivyo kwa mumeo unapata gramu 48 kila siku. Wataalamu wa dawa hugawa kwa takriban 6 wanapohama kutoka kwa panya kwenda kwa binadamu, kwa hiyo tuseme gramu 8. Lakini hizo ni gramu 8 za dondoo lililokamuliwa maabara. Unga wa majani makavu ni kitu kingine kabisa, na vijiko vinne vya mama havijulikani vina nini hasa ndani yake. Isitoshe, panya wa maabara ni wa ukoo mmoja na umri mmoja, wanakula chakula kilekile, na hawanywi bia Jumamosi.

Huwa naulizwa, basi kama kwa panya imefanya kazi, kwa nini kwa mtu isifanye? Jibu linapatikana kwa mmea uliochunguzwa zaidi ya mingine yote kwa ajili ya ini, nao ni Silybum marianum, mmea wa miiba wa nchi za Mediterania. Dondoo lake linaitwa silymarin, na kwa panya linafanya kazi vizuri kiasi kwamba watafiti hulitumia kama kipimo cha kulinganishia mimea mingine. Kwa binadamu, mwaka 2012 yalitoka matokeo ya jaribio la Marekani lililohusisha watu 154 wenye homa ya ini C. Walipewa silymarin ya kutosha kwa wiki 24, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa ndani. Vimeng'enya vya ini havikutofautiana. Huo ulikuwa mmea wenye nusu karne ya utafiti. Mlonge, kwa wagonjwa wa TB, haujapita hata mlango huo, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu TB hauna mmea wowote wa kulinda ini ndani yake.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, nalo ndilo linalowapa wauzaji wa stendi ushuhuda. Kwa wanaotumia isoniazid, karibu mmoja kati ya kumi hadi wawili kati ya kumi hupandisha vimeng'enya vya ini kidogo wiki za mwanzo, bila dalili yoyote, halafu vinashuka vyenyewe huku anaendelea na dawa. Ini huizoea. Sasa fikiria mtu amepimwa vimeng'enya vikiwa juu, akanywa mlonge wiki tatu, akapimwa tena vikiwa vimeshuka. Nani atamshawishi kwamba haukuwa mlonge? Atatoa ushuhuda kwa roho safi kabisa, na kesho yake muuzaji ana sauti mpya ya kurusha kwenye makundi ya simu.

Ini kuumizwa na dawa za TB kweli kunatokea. Tafiti za nchi mbalimbali zinataja kuanzia asilimia 2 hadi 28 ya wagonjwa, kutegemea ni nani waliopimwa na kwa kipimo gani. Wanaoumia zaidi ni wazee, waliokonda sana, wanywaji, wenye VVU, na wenye virusi vya homa ya ini B au C. Hofu ya mama ina msingi. Dawa yake ndiyo siyo.

Hapo nafika kwenye kopo lenyewe, maana ungekuwa mlonge mtupu ningekuwa mpole zaidi. Manjano kwenye mchuzi haina tatizo. Manjano ya vijiko kila siku, pamoja na pilipili manga, ni habari nyingine. Pilipili manga ina piperine, inayofanya manjano iingie kwenye damu kwa wingi kuliko kawaida. Mwaka 2022 mtandao wa hospitali za Marekani unaofuatilia maini yaliyoumizwa na dawa uliripoti watu 10 walioumia ini kwa bidhaa za manjano. Watano walilazwa na mmoja alifariki. Saba kati yao walikuwa na alama moja ya kurithi kwenye vinasaba, kwa hiyo si kila mtu atadhurika, lakini mumeo hajui kama anayo. Watu hao wengi walikuwa wanameza manjano kwa nia ya kujitunza.

Piperine hiyohiyo huongeza kiasi cha rifampicin kwenye damu. Hili si la kubahatisha: India kuna kidonge cha TB kilichotengenezwa makusudi kwa kuweka piperine ndani, ili rifampicin kidogo ifanye kazi ya rifampicin nyingi. Wao waliipunguza rifampicin kwanza. Mumeo anameza dozi kamili, kisha juu yake anaweka pilipili manga isiyopimwa. Na ikitokea ini limeumia kweli, daktari hataweza kujua ni kidonge gani au ni kopo. Kwa hiyo kopo liwekwe pembeni mpaka dozi iishe, na lipelekwe kliniki likaonekane.

Unaogopa kugombezwa. Inatokea, sitakuficha. Lakini kuna njia ya kulisema. Mwambie mhudumu, "Kuna kitu cha asili alikuwa anakunywa tangu tarehe fulani, tumekisimamisha, tunaomba kiandikwe kwenye kadi yake." Kisha omba apimwe utendaji wa ini, pamoja na homa ya ini B na C, na VVU kama hakupimwa siku ya kwanza. Vimeng'enya vikiwa vimevuka mara tatu ya kawaida na ana dalili, au mara tano hata bila dalili, kliniki yenyewe itasimamisha dawa, itasubiri ini litulie, halafu itarudisha moja baada ya nyingine huku inapima. Yaani hayo "mapumziko ya ini" anayoyataka mama yapo, ila yanaamuliwa kwa kipimo cha damu. Mapumziko ya kukisia ndiyo yanayozaa TB sugu. Bakteria waliobaki wiki ya tano ndio wagumu kuliko wote, na ukiwapa wiki mbili za kupumua unaweza kuwakuta hawasikii tena rifampicin wala isoniazid.

Kuhusu bia nitasema kwa ufupi kwa sababu hakuna la kujadili. Asinywe hata moja mpaka miezi sita iishe. Mimi kopo la mama linanitisha kidogo, lakini ile imani kwamba "ini lina mlinzi" inanitisha sana, kwa kuwa ndiyo iliyomrudisha baa. Pombe na isoniazid zote mbili ni mzigo wa ini, na hakuna jani linalozitenganisha. Kama anaona aibu mbele ya wenzake, aseme yupo kwenye dozi. Madereva wanaelewa neno hilo.

Na panadol. Mtu aliyekonda, anayekunywa pombe, na yupo kwenye isoniazid, ini lake linapata sumu ya paracetamol kwa kiasi ambacho mtu mzima mwingine angekihimili. Kwa sasa asizidi vidonge vinne vya miligramu 500 kwa siku nzima, na si kila siku. Kilicho muhimu zaidi ni kwamba hayo magoti yana sababu. Pyrazinamide huzuia figo kutoa asidi ya yuriki, ikabaki kwenye viungo. Bia nayo huongeza asidi hiyohiyo, kwa hiyo Jumamosi yake inamrudia Jumapili kwenye magoti. Aiseme kliniki, wana dawa ya maumivu ya kumpa. Na pyrazinamide hutolewa miezi miwili ya kwanza tu, kwa hiyo maumivu haya yana mwisho, na si mbali.

Sasa mama mkwe. Usimwambie mlonge ni uongo, kwa sababu si uongo, na kwa sababu atakuwa amedhalilishwa mbele ya mwanawe kwa pesa aliyoitoa mfukoni mwake. Mumeo aache kujificha nyuma yenu. Yeye ndiye mwenye mwili na ndiye mwenye mama. Amwambie, "Mama, daktari anataka kwanza nimalize hizi, mlonge nitaula kwenye mboga." Na hapo atakuwa hadanganyi. Majani mabichi ya mlonge, au mzunze kama wanavyouita baadhi ya watu wa pwani ya Kenya, ni mboga nzuri kwa mtu anayerudisha uzito, ina protini kuliko majani mengi tunayopika. Yapikwe kama mboga nyingine, kwa kiasi cha mboga. Mizizi na magome asitumie kabisa, huko kuna sumu.

Halafu mpe mama kazi yenye heshima. Mgonjwa wa TB anatakiwa awe na msimamizi wa matibabu nyumbani, mtu wa kumwona akimeza kila siku na kuweka alama kwenye kadi. Mumeo ni dereva, siku za safari kadi itasafiri naye, lakini akiwa nyumbani nani atamsimamia vizuri kuliko mama yake? Mwende naye kliniki. Mhudumu amweleze yeye mwenyewe habari ya mkojo wa chungwa na mkojo wa kahawia, ayaangalie macho ya mwanawe kila asubuhi kwenye mwanga wa jua. Macho yake yanayoona kila kitu yatakuwa na maana.

Akiuliza kama kuna kitu kingine cha kulinda ini, kipo na amekuja nacho. Mchambueni pamoja yale mahindi na karanga. Punje yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi itupwe, wala isipewe kuku. Sumukuvu iliyomo kwenye nafaka zenye ukungu haiishi kwa kupika, na inaua ini moja kwa moja. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa kwa mahindi.

Nimemwacha mtoto mwisho, lakini ndiye wa kushughulikiwa kwanza. Ana miaka mitatu, analala nyumba moja na baba mwenye TB ya makohozi, na umeandika kwamba amekonda. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, kukonda katika nyumba yenye TB si jambo la hamu ya kula. Asipewe tena kile kijiko. Mpeleke kliniki hiyohiyo ya baba yake wiki hii, useme ameishi na mgonjwa tangu kabla hajaanza dawa. Watampima uzito na kumchunguza. Akiwa na TB ataanza matibabu. Asipokuwa nayo atapewa dawa ya kinga, ama isoniazid kwa miezi sita au isoniazid na rifampicin kwa miezi mitatu, bila malipo. Na mkojo wake ukigeuka wa chungwa, mama atakuwa ameshajua ni nini. Wewe na mama mkweni pia mchunguzwe siku hiyohiyo.